Wafalme Walipopatana Ndipo Tulipogawanywa

Wapenzi wa historia hawachoki kuuliza: lau risasi ya Sarajevo ya Juni 28, 1914 ingemkosa mrithi wa kiti cha Austria, dunia ingekuwaje? Kaiser Wilhelm, Mfalme George wa Uingereza na Nicholas wa Urusi walikuwa jamaa wa damu. Mwaka 1913 walikutana Berlin katika harusi ya binti ya Kaiser. Huenda viti vya Berlin, Vienna na Petersburg visingepinduliwa.

Sisi wa Kwale tunalo swali la karibu zaidi. Je, bila vita hivyo, Mdigo wa Vanga na nduguye wa Jasini wangekuwa raia wa nchi moja?

La hasha! Mpaka huo, uliotajwa kuanzia mlango wa mto Umba, Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1886, miaka 28 kabla ya vita. Mwaka 1890 wakabadilishana tena: Mjerumani akaiacha Witu, akapewa kisiwa cha Heligoland. Wenyeji hawakuulizwa. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi, aliyewaasi Waingereza mwaka 1895, mstari huo ulimfaa kwa kukimbilia tu: mwaka uliofuata alivuka, akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia ugenini Dar es Salaam.

Ni kweli, amani ingetuepusha na mapigano ya Jasini ya Januari 1915, na maelfu ya wapagazi wasingeangamia kwa njaa na maradhi. Hilo si jambo dogo. Lakini Tanga ingebaki ya Mjerumani, na mpaka ungebaki papo hapo.

Tena, vita vyenyewe vilitupa ushahidi. Mjerumani aliposhindwa, ufalme mmoja wa Uingereza ulitawala pande zote mbili kwa zaidi ya miaka 40. Mstari haukufutwa. Kisha viongozi wetu wenyewe, mjini Cairo mwaka 1964, wakaazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi.

Basi, msomaji mpenzi, tusizililie falme zilizoanguka. Wakubwa hao walipopatana walitugawa, walipogombana walituua. Kalamu sasa i mikononi mwetu. Mama wa Kidigo avukaye kutoka Lungalunga kwenda Horohoro kuzika jamaa yake asitazamwe kama mgeni, na lawama akitazamwa hivyo si ya Kaiser tena. Ni yetu.