Umeme wa shilingi 350: hesabu za Land Cruiser ya Magamba

Betri ya N100 ikijaa chaji hubeba uniti 1.2 za umeme, kwa lugha ya LUKU. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, mzigo wote uliomo ndani ya boksi hilo zito una thamani ya shilingi 350. Kuwasha injini ni rahisi zaidi. Stata ya dizeli ya lita 4.2 huvuta takribani amperi 250 kwa sekunde tatu, volti zikiwa zimeshuka hadi 10 hivi. Hiyo ni wati-saa mbili na kidogo. Senti 61.

Sasa muulize mwenye gari la kazi pale Magamba, Mpanda, linalopeleka watu na mizigo kwenye machimbo ya dhahabu au kuteremka hadi Sitalike kwenye Hifadhi ya Katavi, anatumia kiasi gani kwa mwaka kwenye mambo ya umeme wa gari. Atakutajia laki, si mamia. Umeme wenyewe ni karibu bure. Kinachomla ni njia unayopita umeme huo: shaba, risasi, viungio, na siku gari linapolala porini.

Tuchukue gari ambalo kila mtu huku analijua, Mkonga, yaani Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ. Injini hiyo ilianza kufungwa mwaka 1990, ina silinda sita, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma, haisubiri kompyuta. Ikishawaka, inahitaji umeme wa kushikilia valvu ya mafuta tu, chini ya amperi mbili. Altaneta ikifa Sitalike mchana, unazima feni, redio na taa, kisha unarudi Mpanda bila wasiwasi: nusu ya betri ya N70 ni amperi-saa 35, na kwa amperi mbili hizo ni saa 17 za safari. Giza likiingia hesabu inageuka. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja zinakula amperi 10. Ongeza taa za nyuma na vitu vidogo, inafika 13 au zaidi. Saa 17 zinakuwa mbili na nusu. Mwenye 1HZ anayejua hesabu hii hafungi safari saa kumi na moja jioni huku taa nyekundu ya chaji inawaka kwenye dashibodi.

Asubuhi unageuza ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, honi inalia, stata inatoa mlio mmoja wa “tak” na kunyamaza. Jibu la kijiweni linafahamika: “Bosi, betri imekufa.” Mara nyingi betri haijafa. Tuseme kati ya kichwa cha betri na kibano chake kuna ule ukungu wa kijani na mweupe, na ukungu huo umeleta ukinzani wa omu 0.01, kiasi kidogo kuliko multimita za kawaida zinavyoweza kupima. Taa inayovuta amperi tano inapoteza hapo volti 0.05, jicho halioni tofauti. Stata inayotaka amperi 250 inapoteza volti 2.5. Kwenye mfumo wa volti 12, ambao tayari umeshuka hadi 10 kwa mzigo wa stata, kinachobaki hakitoshi kugeuza dizeli ya silinda sita. Wati zaidi ya 600 zinaishia kupasha moto kibano. Ukikigusa baada ya kujaribu mara tatu, utajua.

Kwa hiyo kipimo cha maana hakifanyiki gari likiwa limelala. Weka ncha moja ya multimita juu ya kichwa chenyewe cha betri, si kwenye kibano, na nyingine kwenye kibano, halafu mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, usinunue kitu. Fungua, sugua kwa maji ya moto na brashi ya waya, kaza, rudia. Fanya hivyo pia kati ya kichwa cha hasi na injini yenyewe, maana waya wa arthi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ndio unaosahauliwa na kila mtu, na ndio unaokaa kwenye tope. Kazi nzima haimalizi nusu saa. Betri mpya ya N70, tuiweke kwenye shilingi 250,000 kwa ajili ya hesabu (weka bei ya duka lako), ikibadilishwa bila sababu kila baada ya miezi 15 ni karibu shilingi 17,000 kwa mwezi. Ikiishi miaka minne ni 5,200.

Betri iliyolala ina namba zake pia, na inafaa kuzikariri: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 imekwisha. Injini ikiwaka, kichwani mwa betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo altaneta au mkanda wake una tatizo, na juu ya 14.8 betri inachemshwa.

Sasa tuje kwenye umeme ghali kuliko wote Katavi. Si wa sola wala wa jenereta ya saluni. Ni wa gari lililosimama huku injini inanguruma ili kuchaji simu na kupoza friji. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya uniti 10 hivi. Gari likiwa safarini, injini inageuza kama asilimia 30 ya nguvu hiyo kuwa mzunguko, na altaneta pamoja na mkanda wake inageuza nusu na kidogo ya mzunguko huo kuwa umeme: unapata uniti 1.6. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mpanda, kwa umbali wake na bandari, huwa juu ya Dar es Salaam. Hapa nachukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu isiumize kichwa. Uniti moja inakuja karibu 1,900. Ni ghali, lakini gari lilikuwa linakwenda hata hivyo.

Likiwa limesimama mambo ni mengine kabisa. Injini ya ukubwa huo ikiunguruma bila kazi hula karibu lita moja kwa saa, na altaneta kwenye mzunguko mdogo inatoa amperi 35 hivi, nusu uniti. Shilingi 6,000 kwa uniti. Mara 20 ya TANESCO.

Weka kambi ya kawaida ya siku moja: friji ndogo ya volti 12 kwenye joto la Oktoba inakula amperi-saa 36, taa za LED za wati 20 kwa saa tano ni 8, simu nne ni 5. Jumla 49. Betri ya N70 inayotakiwa kuwasha gari asubuhi inaweza kutoa 35 bila kuumia. Pengo ni hilo, na ndilo linalowafanya watu wasukume gari alfajiri. Kurudisha zote 49 kwa kuwasha injini ni saa mbili hivi, kwa sababu betri ikikaribia kujaa hupokea chaji polepole: shilingi 6,000 kwa siku, 150,000 kwa siku 25 za kazi. Paneli mbili za wati 100, kwa jua la saa tano na hasara za njiani, zinaleta amperi-saa 66. Kati ya Novemba na Aprili mawingu yakikata nusu, bado unapata 33. Sihitaji kujua bei ya paneli Mpanda wiki hii ili kuona zitajilipa ndani ya miezi michache. Sharti ni moja: mzigo wa kambi uwe na betri yake, na kati yake na ya stata kuwe na rilei inayozitenganisha injini ikizimwa.

Waya. Hapa mafundi wengi wa barabarani wananikera kidogo. Mteja anataka spotilaiti mbili za wati 60. Fundi anavuta waya wa milimita za mraba 1.5, mita nne kwenda na nne kurudi, kwa sababu ndio uliopo kwenye roli. Amperi 10 kwenye waya huo zinapoteza volti 0.93. Asilimia nane inaonekana ndogo, ila mwanga wa taa ya nyuzi hushuka haraka kuliko volti: karibu robo yake inapotea. Umenunua taa mbili, unatumia moja na nusu. Waya wa milimita 4 unapoteza volti 0.35. Au nunua LED za wati 20, zitavuta amperi 3.3 kwa jumla na waya mwembamba utazitosha. Vyovyote utakavyochagua, fyuzi ikae sentimita chache kutoka kwenye betri. Betri ikipigwa shoti inaweza kusukuma zaidi ya amperi 1,000. Waya usio na fyuzi unageuka kuwa hita chini ya zulia la gari. Winchi ya kilo 4,300 ikivuta kwa nguvu zote hula amperi 400 hivi. Kuifunga kwa waya wa redio ni kutafuta moto.

Kuna kosa moja linaloua betri mbili kwa mpigo. Baadhi ya Land Cruiser zilizokuja kutoka Japani zikiwa zimetumika zina mfumo wa volti 24, betri mbili zimeungwa kwa mfululizo. Mwenye gari ananunua redio ya volti 12, na fundi anaifunga kwenye betri moja tu. Redio na chaja za simu zikivuta amperi 3 kwa saa nane, betri hiyo imepoteza 24 kila siku. Altaneta haijui, inasukuma mkondo uleule kwenye zote mbili na kuangalia jumla tu. Iliyochotwa haijai kamwe, mwenzake inachemka hadi maji yanakauka. Kwa hesabu yetu ya 250,000 kila moja, redio hiyo imegharimu nusu milioni. Kigeuzi cha volti 24 kuwa 12 ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Kuhusu maji ya Novemba na kuendelea: Toyota inaipa Land Cruiser 70 kina cha kuvuka maji cha milimita 700. Bomba la mkonga linainua njia ya hewa ya injini hadi juu ya paa, lakini altaneta haivuti pumzi kupitia mkonga. Iko chini, na tope la udongo mweusi likiingia ndani linamaliza kaboni na beringi kabla ya wakati. Ukishavuka, isafishe kwa maji safi yasiyo na presha.

Joto nalo hutoza. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya risasi karibu kwa nusu, na chini ya boneti hakuna kivuli. Gari lenye N70 mbili limebeba takribani kilo 20 za risasi. Mpanda inaifahamu risasi: reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwa hapa, na ingawa mgodi ulifungwa, treni imebaki ikileta spea. Madini hayo yanayeyushwa na kutumika tena karibu yote, kwa hiyo betri mbili zilizokufa ni kilo 35 zenye bei. Zipeleke nzima, zisimame wima, na mwambie muuzaji akate thamani yake kwenye bei ya mpya kabla hujatoa hela. Anayezipasua uani na kuyeyusha risasi kwenye jiko la mkaa anaokoa shilingi elfu chache na kuwalisha sumu watoto wanaocheza hapo.