Kalemie: pori la Kabobo linalindwa pia kwa jembe na mupanga

Mvua ikizidi, njia za miguu za vijiji vya wilaya ya Kalemie, jimbo la Tanganyika, hufunikwa na majani, na daraja za miti hubebwa na maji. Kwa wakaaji wa Zongwe sawa na kwa wenzao wa vijiji vingine, njia ikifungika, mihogo inabakia shambani, na mugonjwa anachelewa kufika kwa munganga.

Mahali mashine haifike, kazi inabakia kwa mikono ya wanainchi. Wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa ya lazima. Kujitolea ni jambo lingine: mutu anabeba jembe kwa sababu njia ni yake.

Kazi hiyo inagusa pia pori. Kaskazini mwa wilaya kuna hifadhi ya Kabobo, iliyoundwa na serikali ya jimbo mwezi wa 12, mwaka 2016, kwenye eneo la karibu hektari 147,000. Ndani yake kunaishi sokomutu na aina ya mbega isiyojulikana mahali pengine duniani. Mwaka 2007, wataalamu waliofika katika milima hiyo walikuta wanyama 6 wasiojulikana na sayansi, wakiwemo vyura 2 na popo 1. Sababu ya ukosefu wa usalama, pori hilo lilikuwa limefungwa kwa wataalamu kwa miaka mingi.

Mipaka ya hifadhi ilizungumuzwa na vijiji jirani. Lakini mupaka usiofyekwa unapotea. Mulimaji anauvuka bila kujua, kisha ugomvi unaanza kati yake na walinzi. Kwa hiyo, kufyeka mustari wa mupaka ni kazi ya amani pia.

Wanaojitolea wanaweza kufanya mengine: kutengeneza vijia, kuondoa mitego ya kamba, kumujulisha chefu wa kijiji kama wameona mashamba mapya ao moshi wa wachoma makala. Kukamata watu si kazi yao. Hiyo ni ya walinzi wa hifadhi na ya serikali. Mutu mwenye mupanga tu hapashwi kutumwa mbele ya mutu mwenye bunduki.

Tena, kujitolea si kuachwa. Siku moja ya kufyeka ni siku moja bila shamba ao bila uvuvi. Buti, dawa za jeraha na chakula cha siku hiyo si zawadi, ni vyombo vya kazi.

Sheria inaacha mulango mwingine wazi. Amri ya tarehe 2 mwezi wa 8, mwaka 2014, inaruhusu jamii kuomba pori lake la asili, mpaka hektari 50,000, bila mwisho wa muda. Wanaofyeka leo wangeweza basi kuwa wenye kuamua kesho juu ya pori wanalolilinda. Lakini hilo linaomba makaratasi, ramani na mikutano, na kwa kazi hiyo jembe peke yake halitoshe.