Hicho Kinachonasa Sumu

Mji wa Singida umepakana na maziwa mawili, Singidani na Kindai, na bado watu wake hutafuta maji ya kunywa ardhini. Maji ya maziwa yale ni ya chumvi. Ya ardhini nayo, katika sehemu nyingi za mkoa, yana floraidi, ambayo ikiwa kidogo huimarisha meno, ikizidi huyatia rangi ya kahawia, na ikizidi mno kwa miaka mingi hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tulijiruhusu 4, kabla ya kushusha kiwango hicho. Si kwamba mifupa yetu ni migumu kuliko ya wengine. Maji mengine hayakuwapo.

Njia ya zamani ya kuiondoa floraidi ni mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Njia mpya ni chembe za nano. Mhandisi wetu Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela huko huko Arusha, aliunganisha chembe hizo na kichujio cha mchanga, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Nilipomsimulia habari hizi mama mmoja muuza chai pale stendi ya Singida, aliniuliza: "Sasa mzee wangu, hicho kinachonasa sumu, chenyewe kikidondokea majini?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia semina.

Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Chembe za nano, kwa kawaida, hazizidi nanomita 100. Zikiwa ndogo hivyo hupata tabia ambazo kitu kile kile kikiwa bonge hakina. Bangili ya fedha haimdhuru aivaaye, lakini madini hayo hayo yakiwa chembe za nano huua bakteria. Aidha, ukubwa, umbo na kilichopakwa juu ya chembe hubadili ukali wake. Kwa hiyo kila aina ni kesi yake, na kuzipima zote kwa panya na seli ni kazi isiyokwisha.

Hapo ndipo kompyuta huitwa. Hulishwa matokeo ya vipimo vilivyokwisha kufanywa, yaani chembe hii, ukubwa huu, iliua seli kiasi hiki, ikajifunza mwenendo wake, kisha ikaulizwa juu ya chembe ambayo haijapimwa. Ni kama mnunuzi mzoefu wa vitunguu vya Singida, ambaye akikibonyeza kimoja tu hujua kama gunia litafika Dar es Salaam bila kuoza. Tofauti ni kwamba mnunuzi ukimpa viazi atasema si kazi yake. Kompyuta itakujibu tu.

Mwaka 2011, Tomasz Puzyn wa Poland na wenzake walichapisha hesabu ya namna hii juu ya oksidi 17 za metali, wakipima zinavyodhuru bakteria. Oksidi ya zinki ilionekana kali, ya titani pole. Kumi na saba tu, na bakteria si tumbo la mtoto! Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutia katika chakula unga wa titani hiyo hiyo, ambao sehemu yake ni chembe za nano, kwa kuwa wataalamu walishindwa kuondoa shaka kwamba unaweza kudhuru vinasaba.

Na maji yetu yana mambo yake. Katika maji ya chumvi chembe nyingi hushikamana, na za fedha hukutana na kloraidi zikageuka kitu kingine. Kompyuta iliyofundishwa kwa maji safi ya maabara itatupa jibu la maji hayo, si la kisima cha Ikungi au Iramba. Ningependa basi kila kichujio cha aina hii kipitishiwe maji ya visima vyetu, yapimwe yatokayo baada ya mwezi na baada ya mwaka, na matokeo hayo yaingizwe katika hesabu za wataalamu.

Yule mama nilimjibu kwamba chembe zikifungwa vizuri ndani ya kichujio hazitoki kirahisi, na kwamba maji yatokayo yanaweza kupimwa. Akaniuliza yanapimwa wapi, na kwa shilingi ngapi.