Anayeuguza Naye Auguzwe

Maradhi ya usahaulifu yanapoingia katika nyumba ya wazee wawili nchini Uchina, hospitalini hufunguliwa faili moja tu. Mgonjwa huandikwa jina lake, umri wake na dawa zake. Yule aliyemshika mkono kumleta hatambuliki ila kwa ndoa yake: ni mkewe, au ni mumewe. Ni huyu wa pili ninayetaka kumzungumzia leo, maana nina yakini kwamba naye yumo njiani kuugua, na kwamba mazoea yake ya kila siku, yale yale ambayo majirani humsifia, ndiyo yanayomfikisha huko.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa Wachina waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa milioni 264. Mwaka huo huo, watafiti wa nchi hiyo walikadiria kuwa milioni 15 miongoni mwa watu wa rika hilo wana dimenshia, na kwamba karibu milioni 10 kati yao wanaugua aina iliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1906. Wagonjwa hawa wote hawawezi kutiwa katika makao ya wazee, wala hakuna aliyekusudia hivyo. Jiji la Shanghai lilipopanga utunzaji wa wazee wake kwa jumla lilijiwekea kipimo cha tarakimu tatu: asilimia 90 watunzwe nyumbani, 7 wasaidiwe na mtaa, na 3 tu wapelekwe makaoni.

Na nyumbani kuna nani? Tangu mwaka wa 1980 hivi hadi mwisho wa 2015, serikali ya Uchina iliwataka watu wengi, hususan wa mijini, wazae mtoto mmoja tu. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, aghalabu ana kazi katika mji wa mbali, ana mtoto wake wa kumsomesha, na huenda ana wakwe wawili wanaomtazamia yeye na mwenzake vile vile. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inawaagiza watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Ni sheria njema, lakini sheria haiamki saa nane za usiku kumzuia mgonjwa asitoke nje. Anayeamka ni mke wa miaka 72, au mume wa miaka 75.

Tazama basi anavyoishi. Mgonjwa wa dimenshia mara nyingi huingiwa na wasiwasi jua linapotua. Atavaa viatu, ataomba kurejeshwa kwao ilhali yuko kwao, ataujaribu mlango mara kumi. Mwenzake hulala usingizi wa bawabu, sikio moja likiwa mlangoni na jingine kwenye jiko la gesi. Asubuhi atampikia mgonjwa chakula laini, amlishe kijiko baada ya kijiko, kisha yeye mwenyewe ale kilichobaki akiwa amesimama: uji wa mchele uliokwisha kupoa, na mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi, naye pengine ana shinikizo la damu. Vidonge vya mgonjwa vimepangwa kwa siku na saa. Vyake vimesahauliwa ndani ya mtoto wa meza. Miadi yake ya kupimwa macho imeahirishwa mara ya tatu. Zamani alikuwa akienda bustanini alfajiri kufanya mazoezi ya taichi, au jioni akicheza dansi uwanjani pamoja na wenziwe, desturi ambayo mgeni yeyote aingiaye mji wa Uchina huiona ikiwakusanya wazee, hasa wanawake. Sasa haendi, kwani atamwachia nani mgonjwa? Akiwa mwanamume, kuna balaa la sigara. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 uliona kuwa nusu ya wanaume wa Uchina huvuta, ilhali kwa wanawake ni kama wawili tu katika mia; na mvutaji aliyefungiwa ndani na dhiki, sidhani atapunguza.

Si kwamba hajui la kufanya. Ni yeye anayemhimiza mgonjwa anywe maji na atembee kidogo kila siku. Ushauri anao, ila hautumii kwa nafsi yake.

Madhara ya kuishi hivi yamekwisha kupimwa. Vipimo nitakavyovitaja vilifanywa Marekani, lakini sioni sababu ya kudhani kuwa mwili wa Mchina huchoka kwa namna nyingine. Mwaka wa 1995 watafiti wa Ohio waliwatia kijidonda kidogo mkononi wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye dimenshia, wakawatia kijidonda kama hicho wanawake wengine wasiouguza mtu. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Mwaka wa 1999 utafiti mwingine uligundua kwamba wazee waliowatunza wake au waume zao huku wakilemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa, katika muda wa miaka minne, iliyozidi ya wenzao wasio na mzigo huo kwa asilimia 63. Na mwaka wa 2010, baada ya kuwafuatilia wanandoa 1,221 katika jimbo la Utah, wachunguzi walieleza kwamba mtu ambaye mwenziwe ana dimenshia alikuwa na hatari mara sita zaidi ya kuipata yeye mwenyewe. Mambo ambayo waganga wanayahusisha na ugonjwa huu ni pamoja na shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kukaa bila mazoezi na upweke. Yalinganishe na maisha niliyoyaeleza hapo juu.

Kwa nini basi hasemi kuwa amechoka? Sababu mojawapo ni jina. Neno la Kichina linalotumiwa kwa ugonjwa huu, chidai, lina maana ya upumbavu na uzuzu. Wajapani waliokuwa na neno la namna hiyo walilibadilisha rasmi mwaka wa 2004. Mke atawezaje kumweleza jirani kwamba mumewe, aliyekuwa mwalimu, sasa ni zuzu? Atafunga mlango, na dansi ya jioni itakuwa imekwisha kabisa. (Sisi nasi tusijisifu; ni mara ngapi tumesema kwamba mzee fulani amerudi utotoni, tukacheka?) Sababu nyingine ni hizo sifa zenyewe. Katika mafunzo ya Confucius uhusiano wa mume na mke ni mmoja wa mitano iliyo nguzo ya jamii, na anayejisahau kwa ajili ya mwenziwe huhesabiwa kuwa mwema. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu. Mke huyo akianguka kwa kiharusi, aliyemjali kuliko nafsi yake hatakuwa na mtu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni mahubiri: waambiwe wale vizuri, walale, watembee. Kumwambia hayo mtu ambaye hajalala usiku mzima ni kumfanyia dhihaka. Mazoea mema yanahitaji saa, na saa hizo hana budi kupewa na mtu mwingine. Uchina imelitambua hili kwa kiasi. Mwaka wa 2016 ilianza kujaribu bima ya utunzaji wa muda mrefu katika miji 15, na mwaka wa 2020 ikaongeza mingine hadi ikawa 49. Kasoro ni kwamba katika miji mingi kigezo cha kupewa msaada kilikuwa viungo: je, mzee anaweza kula, kuvaa, kutembea? Mgonjwa wa dimenshia anaweza kutembea. Tena huko kutembea kwake ndiko kunakomnyima mwenziwe usingizi. Mji wa Qingdao, uliotangulia kuanzisha bima hiyo mwaka wa 2012, baadaye uliwajumuisha wenye dimenshia, ukaruhusu mgonjwa atunzwe makaoni mchana tu, au kwa siku chache, ili aliye nyumbani apumzike. Katika siku hizo chache mke anaweza kwenda kupimwa damu, au kulala tu hadi adhuhuri, na mtu mwingine ndiye atakayeusikiliza mlango.