Mgonjwa Aliyejipima

Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani aitwaye Richard Bernstein aliona kwenye jarida tangazo la mashine iliyoweza kupima sukari kwa tone moja la damu. Alikuwa na miaka 35, na tangu akiwa na miaka 12 aliishi na kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho halitengenezi tena insulini. Mashine ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na bei yake dola 650. Ilikusudiwa vyumba vya dharura, ili usiku maabara zikiwa zimefungwa, wahudumu waweze kumtofautisha mgonjwa wa kisukari aliyezimia na mlevi. Mgonjwa wa kawaida hakuuziwa. Mke wa Bernstein alikuwa daktari, basi yeye ndiye aliyeiagiza kwa jina lake.

Wakati ule mgonjwa akiwa nyumbani alipima mkojo tu, na mkojo husimulia habari za saa zilizopita. Figo za Bernstein zilikwisha kuanza kuvujisha protini, dalili ambayo kila mgonjwa wa kisukari anaiogopa. Akaanza kupima damu yake mara kadhaa kwa siku na kuandika. Alichokiona kilimshtua: sukari ilikuwa ikishuka chini ya miligramu 40 kwa desilita kisha kupanda kupita 400 (kwa kipimo kinachotumika katika kliniki zetu nyingi, kutoka takriban 2 hadi 22), siku ileile, kwa mtu aliyekuwa akifuata maelekezo yote aliyopewa.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sura hii nzima imeandikwa kwa ajili yake. Kila baada ya siku chache alibadilisha kitu kimoja kidogo: kipimo cha insulini, au kiasi cha wanga kwenye sahani. Kisha akatazama namba. Badiliko likileta nafuu alilibakiza, likiharibu aliliacha. Alianza kuchoma sindano mbili kwa siku badala ya moja, akapunguza wanga, na baada ya muda mabonde na milima ile ikaanza kusawazika. Majarida ya kitabibu yalikataa makala yake. Mwaka 1979, akiwa na miaka 45, akaingia chuo cha udaktari jijini New York ili asikilizwe. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90, na kwa mtu aliyepata kisukari hicho mwaka 1946, huo ni umri wa kustaajabisha.

Wengi wanaosoma habari hii husifu ujasiri wake. Mimi ninachokiheshimu zaidi ni utii wake kwa namba: aliziruhusu zimwambie kwamba amekosea. Hilo ndilo linalotenganisha kujifunza kutoka kwa mwili wako na kujaribujaribu dawa.

Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya upande wa pili. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, watu wakivuka mpaka kutoka Kenya na mbali zaidi. Ilisemwa kikombe kinatibu kisukari, saratani na UKIMWI, na wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Siwacheki hata kidogo. Mtu anayeumwa miaka kumi ana haki ya kutafuta, na wengi waliotoka pale wakisema wamepata nafuu walikuwa wakisema walichokihisi.

Tatizo ni kwamba hisia ya nafuu ni shahidi dhaifu, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Maradhi mengi ya muda mrefu hupanda na kushuka yenyewe. Mgongo unauma wiki hii, wiki ijayo unatulia. Sasa, ni lini mtu hutafuta dawa mpya? Ni siku ile maumivu yamefika kileleni. Kutoka kileleni, mara nyingi njia iliyobaki ni kushuka, anywe kikombe, achuliwe, au alale tu. Dawa yoyote inayoshikwa siku hiyo itapata sifa. Juu ya hayo kuna matarajio, na matarajio yana nguvu kubwa kuliko tunavyokubali.

Nguvu hiyo imepimwa, na kwa njia nzuri sana. Watafiti wa Imperial College London waliwachukua watu 60 walioacha vidonge vya statini, dawa ya kupunguza lehemu kwenye damu, kwa sababu ya madhara waliyoyahisi, kama vile maumivu ya misuli. Kila mmoja alipewa mpango wa mwaka mzima: miezi minne ya statini, miezi minne ya vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa, na miezi minne bila kidonge chochote, kwa mpangilio wa kubahatisha. Katika miezi ya vidonge hawakujua wanameza kipi. Kila siku waliandika ukali wa dalili zao kutoka 0 hadi 100. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Bila kidonge, wastani ulikuwa 8. Kwa statini, 16.3. Kwa kidonge kitupu, 15.4. Maumivu yalikuwepo kweli, lakini sehemu kubwa mno ya maumivu hayo ilitokana na kule kumeza tu. Kila mshiriki alionyeshwa matokeo yake mwenyewe, na nusu yao wakarudi kwenye dawa. Ninaupenda utafiti huu kwa sababu uliwapa wagonjwa jibu kuhusu miili yao bila kumwambia hata mmoja kwamba anajisingizia.

Nyumbani huwezi kujifichia kidonge, lakini unaweza kutumia kipimo kisichojua unatarajia nini. Tuchukue presha, kwa kuwa mashine ya mkononi sasa inapatikana katika maduka mengi ya dawa na ugonjwa wenyewe mara nyingi hauonyeshi dalili. Ukiwa kliniki, baada ya kupanda daladala na kusubiri benchi, namba inaweza kupanda kwa wasiwasi tu. Nyumbani, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Siku ya kwanza itupe, tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi unahesabiwa kuwa juu.

Wiki hiyo isiyo na badiliko lolote ndiyo watu huiruka, na bila hiyo jaribio halina mwanzo. Baada yake, chagua kitu kimoja. Ningeanza na chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Kumbuka kwamba haitoki kwenye kichupa cha mezani tu. Imo pia kwenye vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, kwenye achari, kwenye papa mkavu na ng'onda. Punguza kwa wiki nne, usianze mazoezi mapya wala dawa ya mitishamba katika muda huohuo, kisha rudia wiki ya kupima. Ukianza vitu vitatu pamoja na presha ikashuka, utafurahi, lakini hutajua kipi cha kuendelea nacho.

Mwenye kisukari anaweza kufanya vivyo hivyo na chakula: apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, kiasi kilekile cha ugali siku kadhaa, kisha kiasi kilekile cha wali. Siku moja haitoshi, kwa kuwa usingizi mbaya au homa ndogo huivuruga sukari.

Yapo mambo ambayo hayajaribiwi kwa kuacha uone. Insulini, dawa za kifafa, za kifua kikuu, za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, za kuzuia damu kuganda, na vidonge vya presha ambavyo umekwisha kuandikiwa: hapa gharama ya kukosea inaweza kuwa kupooza, kupoteza fahamu au kufa. Mjamzito naye asijaribu chochote peke yake.

Na jibu la mwili wako halimhusu jirani. Lishe kali ya Bernstein, yenye wanga kidogo, bado inabishaniwa na wataalamu. Jambo la jumla zaidi, kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu hulinda viungo, lilihitaji utafiti wa watu 1,441 wa Marekani na Kanada, na matokeo yake yalitoka mwaka 1993: hatari ya ugonjwa wa macho ilipungua kwa asilimia 76. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba sukari kushuka hadi hatari kuliongezeka takriban mara tatu, jambo ambalo mtu mmoja aliyefanikiwa angeweza asilione kamwe.

Kwa hiyo daftari lako lifike kliniki. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini hataweza kusoma kurasa zako zote. Mwandikie mistari mitatu juu ya ukurasa wa mwisho: wastani wa kabla, ulichobadilisha na kwa muda gani, wastani wa baada. Nenda na mashine yako pia, umwombe muuguzi apime kwa mashine yake kisha kwa yako, mkono uleule. Zikipishana sana, tatueni hilo kwanza. Zikikaribiana, uliza kama namba zako zinatosha kubadilisha dozi, na urudi lini kuzionyesha tena.