Ndege Wahamao na Wajibu Wetu wa Kutunza Pwani ya Mafia

Kila mwaka, kuanzia Agosti na Septemba, mkaazi anayeteremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa huona makundi ya ndege ambao hawakuwapo miezi iliyotangulia. Wamo sululu na chamchanga, waliotoka kuzaa Urusi na nchi nyingine za kaskazini ya mbali. Yumo pia ndege mweupe mwenye mgongo na mdomo mweusi, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huyu hutaga yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani katika fukwe na visiwa vya Oman, Iran na Bahari ya Shamu. Kinda lake huendelea kulishwa na wazazi hata baada ya kufika huku.

Hakuna taifa liwezalo kuwahifadhi ndege hao peke yake. Ndiyo sababu Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kuhifadhi Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia (AEWA), uliokubaliwa mwaka 1995 na kuanza kutumika mwaka 1999. Aidha, mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Huenda mwananchi akauliza: mikataba hiyo yamhusu nini mtu atafutaye kitoweo? Jibu limo matopeni. Kaa, konokono na minyoo waliwao na ndege huishi kando ya mikoko ileile inayolea kamba na samaki wachanga. Mikoko ikifyekwa, ndege hukosa malisho na mvuvi hukosa riziki.

Kwa hiyo wakaazi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Mikoko yote nchini ni misitu ya hifadhi. Haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

2. Maji yajaapo, ndege hupumzika kwenye mafungu ya mchanga. Wasifukuzwe na watoto wala mbwa, hasa Machi na Aprili, wanapojilimbikizia mafuta ya safari.

3. Kuwatega au kuwaua bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

4. Ndege wakionekana kufa kwa wingi, wasishikwe wala kuliwa. Mtendaji wa Kijiji au Kata aarifiwe mara moja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiwatunzia wageni hawa malisho yao, tumejitunzia bahari yetu.