Wacharan wa Marwar na Dhamana ya Neno

Huko Marwar, magharibi mwa Rajasthan nchini India, ambako ardhi inaingia katika jangwa la Thar, kumwaga damu ya mshairi ilikuwa dhambi iliyoogopwa hata na wanyang'anyi. Mshairi huyo alikuwa Mcharan, mzaliwa wa tabaka lililorithishana kazi ya kutunga na kukariri: nasaba za wafalme wa Kirajput, vita vyao, ukarimu wao, na aibu zao pia. Mfalme aliyeridhika alimpa ardhi isiyolipiwa kodi. Aliyechukiza, jina lake lilibaki katika beti za kejeli wajukuu wakazisikia.

Kwa kuwa damu yake iliogopwa, Mcharan alikuwa dhamana. Wafanyabiashara walimkodi aongozane na misafara ya ngamia. Watu walipowekeana mkataba, yeye alisimama kuwa mdhamini. Mmoja akivunja ahadi, Mcharan alijichoma jambia mwenyewe, wakati mwingine hadi kufa, na laana ya damu hiyo ikamwangukia mvunja ahadi. Kitendo hicho kiliitwa traga. Ukatili ndani yake haufichiki, na sioni haja ya kuupamba. Ila unaonyesha jinsi neno lilivyokuwa na uzito mahali ambapo mahakama ilikuwa mbali.

Ushairi wao uliitwa Dingal, wenye sauti nzito zilizofaa uwanja wa vita. Bankidas wa Jodhpur (1771–1833) aliutumia kuwasuta wafalme waliowaachia Waingereza nchi bila kupigana. Suryamal Misran wa Bundi (1815–1868) alitunga Vamsha Bhaskar, historia kubwa ya ukoo wa watawala wa mji wake.

Katika tabaka hilo, mwaka 1926, alizaliwa Vijaydan Detha katika kijiji cha Borunda, eneo la Jodhpur. Babu yake alikuwa mshairi, baba yake vilevile. Detha mwenyewe akaiacha kazi ya kusifu wakubwa. Baada ya kuandika kwa Kihindi, alirudi kwenye Kirajasthani cha kijijini, akawasikiliza wafinyanzi, wachungaji na hasa wanawake, akaziandika upya ngano zao katika Batan ri Phulwari, majuzuu 14. Mwaka 1960 yeye na rafiki yake Komal Kothari walianzisha taasisi ya Rupayan hapohapo Borunda. Kothari ndiye aliyewatangaza mbali Walanga na Wamanganiyar, waimbaji Waislamu wa kurithi. Wamanganiyar wanaimba kwenye harusi na uzazi wa wafadhili wao Wahindu tangu vizazi na vizazi.

Ngano za huko zina desturi ambayo mtu aliyekua na "Paukwa! Pakawa!" ataielewa mara moja. Msimuliaji haendelei bila mtu wa kumwitikia. Kila kipande kikitua, msikilizaji hutoa hunkara, yaani "hun!" ya kuonyesha kwamba yu macho na anafuata. Na kama kwetu watoto wanavyotishwa wasitambiane hadithi mchana, kaskazini mwa India huambiwa kwamba mjomba wao atapotea njia.

Wapenzi wa filamu za Kihindi wamekutana na Detha bila kujua. Paheli ya mwaka 2005, iliyochezwa na Shah Rukh Khan na Rani Mukerji, imetokana na hadithi yake Duvidha. Kiini chake ni desturi halisi ya wafanyabiashara wa Rajasthan: kijana anaoa, kisha anaondoka kwenda kutafuta mali mbali, miaka inapita, bibi arusi anabaki kwa wakwe. Katika hadithi, mume anaondoka kwa miaka mitano. Pepo aliyempenda bibi arusi anavaa sura ya mume na kuingia nyumbani. Baba mkwe, akipewa sarafu za dhahabu kila siku, haulizi sana. Lakini pepo anamwambia mwanamke ukweli, na mwanamke anaamua mwenyewe kumpokea.

Filamu inampa mwanamke furaha: pepo anauingia mwili wa mume. Detha hakumpa. Kwake mchungaji mwerevu anamnasa pepo ndani ya kiriba, wanaume wanakwenda zao wameridhika kuwa haki imetendeka, na mwanamke anabaki na mume aliyekuwa akiwazia hesabu tu. Mimi namwamini Detha.